Butembo: alinunua pikapu mpya, akaletewa na kifuniko ambacho hakuomba

Butembo, Kivu ya Kaskazini – Tarehe 21 mwezi wa sita 2024, mama mmoja mfanyabiashara wa viazi na maharage, mkaaji wa komini ya Kimemi, alipokea pikapu mpya aliyokuwa ameingojea kwa miezi mitatu. Rangi ilikuwa ile aliyoomba, nyeupe. Kabine zilikuwa mbili, kama walivyopatana. Lakini nyuma, juu ya karosori, kulikuwa na kifuniko kigumu cheusi kilichokazwa kwa bolti nane. Hakukiomba. Na kwenye fakitire ya mwisho kilikuwa na bei yake: dola 1 200, pamoja na TVA ya asilimia 16.

Kwa wengine hilo ni jambo dogo. Kifuniko kinakinga mvua, kinazuia wezi, na gari lenyewe linaonekana la heshima. Lakini siku saba baadaye vita vilifika Kanyabayonga, kisha Kirumba, na maelfu ya watu wa kusini mwa teritware ya Lubero wakashika barabara kuelekea kaskazini. Hapo kifuniko hicho kikawa swali la nani atabebwa na nani atatembea kwa miguu.

Pesa ya viazi

Mama huyu ni mjane. Alianza biashara kwa beseni moja la viazi sokoni, akafika gunia moja, kisha magunia. Kwa miaka mingi alikodi magari ya watu kushusha viazi kutoka milima ya Masereka na Lubero hadi Butembo. Mwenye gari ndiye anayechagua siku. Akichelewa siku mbili, viazi vinalowa kando ya barabara na vinaanza kuoza chini ya gunia, mahali ambapo mnunuzi ataona akifika nyumbani. Hasara inabaki kwa mwenye viazi. Pesa ya gari inalipwa yote.

Yeye na binti yake walifanya hesabu kwenye daftari la shule: kila mwezi kodi ya gari imekula kiasi gani, na viazi vilivyotupwa ni magunia mangapi. Walipomaliza, mama aliuza parsele moja aliyoachiwa na marehemu mume wake, akaongeza akiba yake na pesa ya likelemba ya wamama wa soko. Akaenda kwa mfanyabiashara mmoja wa magari mjini.

Butembo ni mji wa biashara, na watu wake wamezoea kuagiza vitu vya mbali. Mali nyingi hushuka katika bandari ya Mombasa, zinavuka Kenya na Uganda, kisha zinaingia Congo kwa mpaka wa Kasindi. Gari hilo nalo lilipita njia hiyo. Bei waliyopatana ilikuwa dola 36 500, kila kitu ndani, hadi gari lisimame Butembo. Mama alitanguliza dola 20 000. Zilizobaki, dola 16 500, angelipa siku ya kupokea.

Kwenye proforma kuliandikwa aina ya gari, rangi, mafuta ya mazutu, gurudumu la akiba na jeki. Binti yake, ambaye ndiye anayesoma Kifaransa vizuri nyumbani, aliomba liongezwe neno moja zaidi. Muuzaji akachukua kalamu, akaandika kwa mkono kwamba nyuma ya gari itakuwa wazi, akatia sahihi pembeni. Hakuna aliyefikiri siku hiyo kwamba mstari huo ungekuja kuwa na kazi kubwa kuliko mingine yote.

Kwa nini nyuma iwe wazi? Karosori ya pikapu ya kabine mbili ina urefu wa karibu mita moja na nusu, na upana unaokaribia huo. Kina chake hakifiki nusu mita. Kwa hiyo mzigo wa pikapu hauingii ndani tu, unapanda juu. Gunia la viazi la kilo 100 likisimama linapita ukingo wa karosori mara mbili. Ukiwa na nyuma wazi na kamba nzuri, unapanga magunia kumi hivi, karibu tani moja. Ukiwa na kifuniko kigumu kinachofungwa kwenye ukingo, magunia yanalala chini kama wagonjwa: matatu, kwa kubanana manne. Gari ni lile lile, mazutu ni yale yale, lakini zaidi ya nusu ya mzigo imebaki shambani.

Kado yenye TVA

Siku ya kupokea gari, kijana wa kazi ndiye aliyelileta mbele ya duka. Mama alizunguka gari mara moja, akasimama nyuma, akagonga kifuniko kwa vidole.

“Mtoto wangu, hiki ni nini?”

“Mama, hii ni kado ya patroni. Wengine wanalipa pesa mingi juu ya kuipata.”

Mama akashukuru, akasema apelekewe patroni salamu, lakini kiondolewe. Wakati huo binti yake alikuwa anasoma fakitire. Mstari wa nne: kifuniko cha nyuma, dola 1 200. Chini yake, TVA, dola 192. Jumla ya gari haikuwa tena 36 500. Ilikuwa 37 892.

“Kaka,” binti akamuuliza kijana, “kado gani inalipiwa TVA?”

Kijana akaenda kumwita mkubwa wake.

Patroni hakuwa mtu wa matusi. Alimketisha mama, akampa soda, akaeleza. Magari yote ya safari hiyo yalifungiwa vifuniko hukohuko yalikotoka, ili vitu vya ndani visiibiwe njiani. Wateja wengine wanapenda. Yeye mwenyewe amevilipia, na kuving'oa ni kazi nyingine ya fundi. Kwa hiyo mama ana njia mbili: kulipa dola 17 892 na kuondoka na gari, au kuliacha gari hadi atakapopata pesa.

“Papa,” mama akajibu, “mimi ninauza viazi. Mtu akiniomba gunia moja, siwezi kumpelekea gunia na kabichi kumi juu, kisha niseme: lipa na kabichi, maana nimekwisha kuzibeba.”

Watu waliokuwa dukani walicheka, na patroni naye akacheka kidogo. Lakini karatasi haikubadilika. Kwa bei ya wiki hiyo, gunia moja lilimpa mama dola 40. Dola 1 392 zilikuwa sawa na magunia 34 na zaidi, kwa kitu ambacho kingemzuia kubeba magunia.

Mwishoni walifika nusu ya njia. Mama alilipa dola 16 500 zilizobaki, akachukua risiti yake. Patroni alikubali gari liondoke na karatasi ya muda, lakini akashika hati zenyewe za gari hadi dola 1 392 zilipwe. Kabla ya kutia sahihi kwenye karatasi ya kupokea mali, binti alimpigia simu binamu yake anayesoma sheria. Kijana huyo aliwaambia wasikatae kutia sahihi, ila juu ya sahihi waandike kwa maneno yao wenyewe: gari limepokelewa, kifuniko hakikuombwa, hakikubaliwi, bei yake inakataliwa. Wakaandika hivyo. Wakapiga picha ya karatasi kabla ya kuirudisha mezani.

Wiki moja na gari lililofungwa

Siku zilizofuata zilionyesha taabu nyingine ambayo hata binti hakuiwaza. Kwenye njia za Lubero kuna vizuizi, na watu wa njia hizo wanavijua. Pikapu yenye nyuma wazi inaonekana kwa jicho moja: magunia, kuku, mama wawili waliokaa juu ya mzigo. Unapita. Pikapu iliyofungwa kama sanduku inaulizwa. Simama. Zima moto. Fungua. Shofa anashuka, anatafuta ufunguo mdogo, anainua kifuniko, anaeleza viazi vimetoka wapi na vinaenda kwa nani. Kisha kizuizi kingine. Safari ya asubuhi ikawa safari ya mchana.

Shofa ndiye aliyesema kwanza neno ambalo wengine walikuwa nalo moyoni. “Mama patroni, tuking'oe tu. Ufunguo wa 13 ninao.”

Mpwa wa sheria akakataa. Alieleza kwamba wakiking'oa kimyakimya, muuzaji anaweza kusema wamekitumia, wamekiharibu, wamepoteza kipande, na kwa hiyo wamekubali kukinunua. Kwanza barua, kisha jibu, kisha fundi. Mama akakubali kungoja. Barua ilikuwa inaandikwa, bado haijafika dukani, wakati simu ilipolia.

Simu ya kutoka Kirumba

Kanyabayonga ilianguka mikononi mwa M23 tarehe 28 mwezi wa sita. Kirumba ilifuata mwishoni mwa mwezi huohuo. Watu walikuwa wamekwisha kuondoka, wengi kwa miguu, wakielekea Lubero na Butembo. Kati yao alikuwa dada mkubwa wa mama huyu, pamoja na watoto na wajukuu, na mama mkwe wake, bibi mzee asiyeweza kutembea. Walikuwa wanambeba kwa zamu mgongoni. Walikuwa na magodoro mawili, masufuria, furushi za nguo na nusu gunia la maharage. Dada hakuomba mengi kwenye simu. Alisema tu: “Ukiweza kututumia gari hadi Lubero, tutume. Bibi amechoka.”

Kutoka Butembo hadi Lubero-centre ni karibu kilomita 45. Gari lilikuwa uani, tangi lina mazutu. Lakini bibi angelazwa wapi? Ndani ya kabine watakaa watu watano wakibanana, na mtu asiyeweza kukunja miguu hawezi kusafiri hivyo. Godoro haliwezi kupangwa chini ya kifuniko pamoja na furushi na masufuria. Na mtu hafungiwi ndani ya sanduku la giza.

Shofa alikwisha kushika ufunguo wake. Mpwa naye bado alikuwa na sababu yake. Mama aliwasikiliza wote wawili, kisha akatoa uamuzi ambao wasomaji wengi watautambua, kwa sababu ndivyo mambo yanavyomalizwa mitaani: tuite watu.

Ilikuwa saa mbili usiku. Alikuja shefu wa mtaa, wakaja majirani wawili, mmoja mwalimu wa shule ya msingi. Taa za simu ziliwashwa. Binti alipiga picha za kifuniko pande zote nne kabla ya kuguswa. Fundi akafungua bolti moja moja, na kila iliyotoka iliwekwa kwenye sahani ya bati mbele ya watu. Mwalimu aliandika: kifuniko kimoja, hakina mkwaruzo, bolti nane, mikono miwili ya kuinulia, mpira wa ukingoni, mzima, funguo mbili. Wanaume wanne wakakiinua, wakakiingiza sebuleni, wakakisimamisha ukutani na kukifunika kwa shuka. Karatasi ikatiwa sahihi na wote. Yote hayo yalichukua karibu saa moja na nusu.

Saa moja na nusu si kitu siku za kawaida. Usiku ule kila dakika ilikuwa na uzito wake, na shofa hakuficha hasira. Lakini alipoondoka alfajiri, aliondoka na gari lenye nyuma wazi.

Aliwakuta kando ya barabara karibu na Lubero, wamejikunyata kwa baridi ya milima ile. Bibi alilazwa juu ya godoro ndani ya karosori, kichwa upande wa kabine mahali penye kutikisika kidogo, na wajukuu wakubwa wawili wakakaa pembeni kumshikilia. Furushi zilipanda juu kuliko paa la gari. Kulikuwa na familia nyingine isiyo ya ukoo, mama mwenye mapacha, nao wakapandishwa. Pikapu ilirudi Lubero mara tatu nyingine katika siku mbili hizo. Safari ya mwisho haikubeba ndugu yeyote. Ilibeba watu tu.

Kwenye vizuizi, safari hizo hawakuambiwa wafungue. Kila kitu kilionekana.

Kifuniko sebuleni

Kuanzia siku hiyo, ndani ya nyumba moja ya Butembo walilala watu kumi na wawili zaidi. Familia nyingi za mji huu zinajua hali hiyo. Wengi waliohama makwao hawakuingia kambini, waliingia kwa ndugu, kwa marafiki, makanisani na mashuleni. Jikoni hapakutosha. Dada na binti zake wakaanza kupikia nje, na mvua ilipokuja ghafla moto ulizimika na maharage yakabaki mabichi.

Sebuleni kulikuwa na kitu kipana, kigumu, kisichopitisha maji, kimesimama ukutani bila kazi.

Binti mkubwa wa dada ndiye aliyeuliza. “Mama mdogo, kile cheusi kingetufaa juu ya moto. Tunaweka miti minne tu.”

Mama alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema hapana. “Mtoto wangu, kile si chetu. Tukikipaka moshi, tumekinunua.”

Jibu hilo halikupokelewa vizuri. Jirani mmoja alisema waziwazi kwamba pesa imemfanya mama awe na moyo wa jiwe: watoto wa dada yake wananyeshewa, yeye analinda kipande cha chuma cha tajiri. Dada mwenyewe hakusema neno, na kunyamaza kwake ndiko kulikomuuma mama zaidi. Usiku ule alitaka kuamka akitoe. Binti yake ndiye aliyemkumbusha kwamba hati za gari bado ziko kwa muuzaji, kwamba bila hati gari litakamatwa siku moja, na gari likikamatwa hakuna anayekula ndani ya nyumba hiyo, wala wenyeji wala wageni.

Asubuhi mama alikwenda sokoni, akanunua shitingi mbili na kamba. Moja ilifungwa juu ya moto. Nyingine ilibaki kwenye gari. Kwa kweli hiyo ndiyo aina ya kifuniko aliyohitaji tangu mwanzo: bashi unayotandika juu ya mzigo wa urefu wowote mvua ikinyesha, unayoikunja jua likitoka, unayowapa watu wakikosa pa kulala. Ilimgharimu sehemu ndogo sana ya dola 1 392.

Barua na mwezi mmoja

Barua ilifika dukani tarehe 4 mwezi wa saba. Ilikuwa ukurasa mmoja. Ilitaja tarehe ya kupokea gari, ilinakili mstari ulioandikwa kwa mkono kwenye proforma, ikaeleza kwamba kifuniko kimetolewa mbele ya mashahidi na kimehifadhiwa kizima, ikaomba mambo matatu: fakitire mpya ya dola 36 500, hati za gari, na muuzaji aje achukue mali yake. Nakala ya pili ilitiwa sahihi na kijana wa duka, na tarehe, ikarudi nyumbani. Bila nakala hiyo, barua ingekuwa maneno tu.

Tarehe ilikuwa na maana. Tangu tarehe 12 mwezi wa tisa 2012, RDC inafuata sheria za biashara za OHADA. Katika mauzo kati ya wafanyabiashara, sheria hizo zinamtaka muuzaji atoe mali inayolingana na mapatano, kwa hesabu, kwa ubora na kwa aina. Zinamtaka mnunuzi naye asilale: kasoro inayoonekana kwa macho siku ya kupokea, lazima aitangaze kwa muuzaji ndani ya mwezi mmoja. Akikaa kimya hadi mwezi upite, amepoteza haki ya kulalamika. Kwa mama huyu mwezi ulikuwa unaisha tarehe 21 mwezi wa saba, na katika vurugu za wiki zile angeweza kusahau kabisa.

Hata asiye mfanyabiashara ana pa kusimama. Sheria ya mapatano ya Congo, dekreti ya tarehe 30 mwezi wa saba 1888, inasema katika kifungu cha 33 kwamba mapatano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa wale walioyafanya. Mlipatana nyuma wazi, basi nyuma wazi ndiyo sheria yenu, yako na ya muuzaji.

Hawakufika mahakamani. Wazee wawili wa biashara waliwaita pande zote, wakaweka mezani proforma, karatasi ya kupokea gari, orodha ya mwalimu na picha za simu. Patroni alizisoma zote. Alijitetea kwamba hakuwa na nia ya kuiba, kwamba naye aliletewa vifuniko akalipishwa. Mzee mmoja alimjibu kwamba hilo ni shauri lake na aliyemuuzia, si la mama wa viazi.

Hati za gari zilitoka wiki hiyo, na fakitire mpya pia. Vijana wa duka walikuja kuchukua kifuniko, wakahesabu bolti nane. Baadaye kilifungwa kwenye gari la mtu mwingine, mwenye duka la dawa, ambaye alikuwa anakitafuta kwa sababu dawa zake haziwezi kupigwa na jua wala kunyeshewa. Kifuniko hakikuwa kibaya. Kilikosa tu kuulizwa kwa mtu wake.

Si kila kitu kilirudi. Kwenye ukingo wa karosori yalibaki matundu manane. Patroni alikataa kuyaziba, na mama akachoka kubishana. Tundu lililotobolewa kwenye bati linakata rangi, na pale rangi ilipokatika maji yanaingia na kutu inaanza. Fundi aliyasugua, akayapaka rangi ya kuzuia kutu, akaweka vizibo vya mpira. Pesa ilitoka mfukoni mwa mama. Gari lake jipya lina alama za kitu ambacho halikubeba hata mwezi mmoja.

Kabla ya kutia sahihi

Ndugu wasikilizaji, si wengi wanaonunua pikapu. Lakini mtu aliyehama kwao hununua godoro, simu, mabati ya kodi ya nyumba ya kwanza, mashine ndogo ya kusaga ya kuanzia maisha upya, na anapolipa na kuongezewa kitu ambacho hakuomba, ni jambo lilelile. Yaliyomsaidia mama huyu yanaweza kumsaidia yeyote.

Omba bei iandikwe kabla ya kutoa pesa, na iandikwe pia kile usichokitaka. Maneno ya mdomoni yanasahaulika upande unaofaidika.

Soma kila mstari wa fakitire. Kama husomi lugha hiyo, njoo na mtoto, jirani au mwalimu. Si aibu. Neno “bure” likitamkwa, tafuta kama limeandikwa sifuri kwenye karatasi.

Zunguka kitu unachopokea, kifungue, kipime, kabla ya sahihi. Kama kuna kasoro na huwezi kurudi mikono mitupu, andika kasoro hiyo juu ya sahihi yako, piga picha.

Usitumie kitu unachokikataa. Ukilazimika kukitoa, kitoe mbele ya watu, na watu hao waandike.

Andika barua mapema, ubaki na nakala iliyotiwa sahihi ya kupokelewa. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Pikapu sasa inapanda milimani mara mbili kwa wiki. Magunia yanalipiwa kama kawaida. Furushi za familia zilizohama, zikielekea njia moja na gari, hazilipiwi. Mama aliliweka hilo tangu safari ya Lubero na shofa hana ruhusa ya kulibadilisha. Bibi mzee bado yuko Butembo, anaota jua uani asubuhi. Jirani aliyesema moyo wa jiwe alikuja mwezi wa nane kuazima ile proforma. Mwanawe alikuwa anaagiza pikipiki, na alitaka kuona ule mstari ulioandikwa kwa mkono ulikaa wapi.